Uanzie kwa mgonjwa au kwa kihatarishi? Kohoti na utafiti wa wagonjwa na walinganishi, bega kwa bega

Anayeandika andiko lake la kwanza la utafiti mara nyingi huwa na swali zuri na njia ya kuazima. Swali limetoka moyoni: ameona wagonjwa wa aina moja wakirudi wodini kila mwezi, au kijana mwenye nguvu zake amepata kiharusi, naye anataka kujua kwa nini. Njia ameichukua kwa mwenzake aliyemaliza mwaka jana. Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Njia ikikosewa mwanzoni, hakuna hesabu ya baadaye itakayouokoa utafiti, na watu waliokubali kuhojiwa wakiwa kitandani watakuwa wametoa muda wao bure.

Kwa anayetafuta vihatarishi vya ugonjwa, yaani mambo yanayoongeza uwezekano wa mtu kuugua, njia kuu ni mbili. Katika kohoti unaanza na watu ambao bado hawajaugua, unaandika nani ana kihatarishi na nani hana, kisha unawafuatilia uone nani ataugua. Katika utafiti wa wagonjwa na walinganishi unaanza na waliougua tayari, unawatafutia wenzao wasio na ugonjwa huo, halafu unauliza habari za nyuma: nani kati yao alikutana na kihatarishi?

Vitabu vingi huzilinganisha njia hizi kwa gharama na muda. Ni kweli, na nitafika huko, lakini mimi huzipima kwanza kwa jambo jingine. Kamba hukatikia pembamba. Kohoti hukatikia kwa watu wanaopotea njiani. Utafiti wa wagonjwa na walinganishi hukatikia kwa walinganishi waliochaguliwa vibaya. Chagua njia ambayo pembamba pake una uwezo wa kupalinda.

Swali moja lililojibiwa kwa njia zote mbili

Ni nadra kuona watu walewale wakilijibu swali lilelile kwa njia zote mbili, moja baada ya nyingine. Richard Doll na Austin Bradford Hill walifanya hivyo nchini Uingereza walipotaka kujua kama kuvuta sigara kunahusiana na saratani ya mapafu.

Mwaka 1950 walichapisha utafiti wa wagonjwa na walinganishi kutoka hospitali 20 za London. Walikuwa na wagonjwa 709 wa saratani ya mapafu, na kwa kila mmoja walimtafuta mlinganishi wa jinsia yake na wa rika lake, aliyelazwa kwa maradhi mengine. Kati ya wanaume 649 wenye saratani, wasiovuta walikuwa 2 tu. Kati ya wanaume 649 walinganishi, wasiovuta walikuwa 27. Ukitazama kwa haraka utaona tofauti ni ndogo, maana pande zote mbili karibu kila mwanamume alikuwa mvutaji. Sasa fanya hesabu. Upande wa wagonjwa ni wavutaji 647 kwa wasiovuta 2, upande wa walinganishi ni 622 kwa 27. Gawanya uwiano wa kwanza kwa wa pili na utapata takriban 14. Hiyo namba ndiyo huitwa uwiano wa odi, na ndiyo tunda kuu la njia hii.

Jambo lililonifanya niwaheshimu zaidi ni jinsi walivyopalinda pembamba pao. Mtu angeweza kusema kwamba wahojaji walijua nani ana saratani ya mapafu, hivyo wakamdodosa kwa bidii zaidi kuhusu sigara. Kulikuwa na wagonjwa ambao wakati wa mahojiano walidhaniwa kuwa na saratani ya mapafu, na baadaye ikathibitika kwamba hawakuwa nayo. Doll na Hill wakawatazama hao peke yao. Uvutaji wao ulifanana na wa walinganishi, haukufanana na wa wagonjwa wa kweli. Kama wahojaji wangekuwa wanapendelea, kundi hili lingeonekana kama la wenye saratani.

Hata hivyo kulikuwa na jambo ambalo utafiti ule usingeweza kulisema: katika wavutaji 1,000, wangapi watakufa kwa saratani ya mapafu ndani ya mwaka mmoja? Sababu si uzembe. Watafiti wenyewe ndio waliopanga idadi, mgonjwa mmoja kwa mlinganishi mmoja. Ukichukua nusu ya watu wako wakiwa wagonjwa, huwezi kugeuka ukadai kwamba nusu ya jamii inaugua. Kasi halisi ya ugonjwa imefutika pale ulipochagua watu wako. Hata leo nasoma ripoti zinazotoa asilimia ya “hatari ya kuugua” kutoka kwenye utafiti wa aina hii, na kila mara ni kosa lilelile.

Basi Oktoba 1951 wakawaandikia madaktari wa Uingereza, barua karibu 59,600 kwa jumla, wakiuliza habari fupi za uvutaji wao. Zaidi ya 40,000 walijibu kwa namna iliyofaa kutumika, na wanaume peke yao walikuwa 34,439. Kisha wakasubiri. Kwa nini madaktari? Sababu moja kubwa ni ya kiutendaji: majina yao yapo kwenye sajili ya taaluma, hivyo akihama au akifa ni rahisi kujua. Hapo unaona watafiti wakipalinda pembamba pa kohoti kabla hata ya kuanza.

Ripoti ya kwanza ya mwaka 1954 ilikuwa na vifo 36 vya saratani ya mapafu. Vifo 36, kutoka kwenye kundi kubwa kiasi hicho, wakati utafiti wa 1950 ulikuwa na wagonjwa mia saba mkononi. Ukitaka kuelewa bei ya kohoti, tazama namba hizo mbili. Lakini subira ile ililipa kwa namna ambayo njia ya kwanza isingeweza. Kwa kuwa walikuwa wanaandika kila kifo na sababu yake, waliona pia maradhi ya moyo na ya mapafu yasiyo saratani. Mwaka 2004, baada ya miaka 50 ya ufuatiliaji, walionyesha kwamba wanaume walioendelea kuvuta walikufa kwa wastani takriban miaka 10 mapema kuliko wasiovuta kabisa. Aliyeacha akiwa na miaka 60 aliokoa takriban miaka 3, aliyeacha akiwa na 50 aliokoa 6, mwenye 40 aliokoa 9, na aliyeacha akiwa na 30 aliikomboa karibu yote. Maneno kama hayo ndiyo unayoweza kumwambia mgonjwa aliyekaa mbele yako, na yalitoka kwenye kohoti.

Ugonjwa ukiwa adimu, usianze na kohoti

Mwaka 1971 Arthur Herbst na wenzake wa Boston walikuwa na wasichana na wanawake vijana 8 wenye saratani ya uke ya aina ambayo kwa umri huo ilikuwa karibu haijulikani. Wakawatafuta walinganishi 32, wanne kwa kila mgonjwa, waliozaliwa karibu siku zilezile katika hospitali zilezile. Wakawauliza mama zao mambo mengi ya ujauzito. Kati ya mama 8 wa wagonjwa, 7 walikuwa wamepewa wakiwa wajawazito homoni ya kutengenezwa iitwayo diethilistilbestroli, iliyotolewa siku hizo kwa nia ya kuzuia mimba kuharibika. Kati ya mama 32 wa walinganishi, hakuna hata mmoja.

Watu 40 tu. Mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya isitumiwe kwa wajawazito.

Jaribu kulifikia jibu hilo kwa kohoti. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba kati ya mabinti waliokutana na homoni ile tumboni, aliyepata saratani hiyo alikuwa takriban mmoja kwa kila elfu. Ungelazimika kuwaandikisha mabinti elfu kadhaa tangu kuzaliwa, uwafuatilie miaka 20 hivi, na mwishoni ubaki na wagonjwa wachache wa kuhesabu kwa vidole. Na wakati wote huo dawa ingeendelea kutolewa.

Kwa hiyo ugonjwa wako ukiwa adimu, au ukichukua miaka mingi kujitokeza, mjadala unakaribia kuisha hapo: anza na wagonjwa. Kinyume chake pia ni kweli. Kihatarishi kikiwa adimu, tuseme kemikali inayotumika kwenye kiwanda cha aina moja tu, utawahoji mamia ya wagonjwa usimpate hata mmoja aliyekigusa. Hapo nenda kwa waliokutana na kihatarishi, uwafuatilie.

Walinganishi: hapa ndipo kazi ilipo

Mtu akiniletea andiko la utafiti wa wagonjwa na walinganishi, ninaruka utangulizi na kwenda moja kwa moja kwenye aya inayosema walinganishi watatoka wapi. Aya hiyo ikiwa na mistari miwili, najua tutakaa mezani muda mrefu.

Mwaka 1981 Brian MacMahon na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha kahawa na saratani ya kongosho. Habari hiyo ilitikisa wengi. Walinganishi wao walikuwa wagonjwa wengine waliolazwa chini ya madaktari walewale waliowalaza wenye saratani. Inaonekana ni haki: hospitali moja, daktari mmoja. Lakini daktari anayewalaza wagonjwa wa kongosho ni nani? Mara nyingi ni bingwa wa maradhi ya tumbo, na wagonjwa wake wengine wana vidonda na maumivu ya tumbo. Watu wa namna hiyo wengi hupunguza kahawa, kwa kushauriwa au kwa sababu inawasumbua. Basi walinganishi wakaonekana wanakunywa kahawa kidogo kuliko watu wa kawaida, na wagonjwa wa saratani wakaonekana wanakunywa sana, hata kama unywaji wao haukuwa na la ajabu. Tafiti zilizofuata hazikuuthibitisha uhusiano huo kwa nguvu ile.

Kanuni ninayoitumia ni swali moja, liulize kwa kila mlinganishi: huyu angeupata ugonjwa ninaouchunguza, je, angeingia kwenye orodha yangu ya wagonjwa? Kama hospitali yako inapokea wagonjwa wa kiharusi kutoka mikoa mitano, na walinganishi umewachukua kwenye mitaa inayoizunguka hospitali, jibu ni hapana. Unawalinganisha watu wa sehemu mbili, na kila kinachotofautisha sehemu hizo kitajitokeza kikijiita kihatarishi.

Walinganishi wa hospitalini ni rahisi kuwapata na wako tayari kuzungumza, ila wamelazwa kwa ugonjwa fulani, na ugonjwa huo nao una vihatarishi vyake. Joseph Berkson alilieleza tatizo hili kwa hesabu mwaka 1946: mchujo wa kulazwa peke yake unaweza kuzalisha uhusiano ambao haupo mtaani. Kinga ya kawaida ni kuwachukua walinganishi wenye maradhi ya aina mbalimbali, na kumwacha kila aliyelazwa kwa ugonjwa unaojulikana kuhusiana na kihatarishi chako. Majirani ni wazuri zaidi kwa kanuni ile, lakini utagonga mlango mara tatu na kuwakosa wanaofanya kazi mchana, ubaki na wanaoshinda nyumbani. Ndugu na marafiki wa mgonjwa ndio ninaowaogopa zaidi, maana wanafanana naye mno: wanakula pamoja, wanavuta pamoja, na tofauti unayoitafuta inafutika.

Idadi isikutie wasiwasi sana. Wagonjwa wakiwa wachache, ongeza walinganishi hadi wanne kwa kila mgonjwa. Ukizidi hapo faida inakuwa ndogo mno kuliko gharama.

Pembamba pa pili ni kumbukumbu. Mama aliyezaa mtoto mwenye kasoro ameupitia ujauzito wake siku kwa siku akitafuta alipokosea. Mama aliyezaa salama hana sababu ya kukumbuka kidonge alichomeza mwezi wa tatu. Ukiwauliza wote wawili, utapata majibu mawili tofauti hata kama walimeza dawa ileile. Huwezi kuliondoa hilo kwa kuongeza idadi ya watu, maana kosa linabaki palepale na linazidi kuonekana la uhakika. Dawa yake ni kutafuta kilichoandikwa kabla ugonjwa haujaingia: kadi ya kliniki, rejesta ya dawa, rekodi za kazini. Kama kihatarishi chako hakiandikwi popote na kinategemea kumbukumbu tu, fikiria upya njia.

Chukua pia wagonjwa wapya, waliogundulika sasa. Ukichukua kila aliyepo kliniki, wengi watakuwa walioishi na ugonjwa muda mrefu, na utakachokipata kinaweza kuwa siri ya kuishi badala ya sababu ya kuugua.

Na onyo la hesabu. Uwiano wa odi unakaribiana na uwiano wa hatari (hatari ya wenye kihatarishi ikigawanywa kwa hatari ya wasionacho) pale tu ugonjwa unapokuwa adimu. Jerome Cornfield alilionyesha hilo mwaka 1951. Tuseme hatari ni asilimia 0.6 kwa wenye kihatarishi na 0.4 kwa wasionacho. Uwiano wa hatari ni 1.5, na uwiano wa odi ni 1.5 na punje. Sasa tuseme tokeo ni la kawaida, asilimia 60 na 40. Uwiano wa hatari bado ni 1.5, lakini uwiano wa odi umepanda hadi 2.25. Ukiandika “hatari iliongezeka zaidi ya mara mbili” utakuwa umewatisha watu kwa namba ambayo haipimi hatari. Wanaochunguza matokeo ya wagonjwa waliolazwa, ambako vifo au kurudi wodini si mambo adimu, hujikwaa hapa kuliko wengine wote.

Kohoti na wanaopotea

Neno lenyewe “vihatarishi”, kwa maana tunayoitumia leo, lilipata nguvu kutokana na kohoti. Kuanzia mwaka 1948, katika mji wa Framingham, Massachusetts, waliandikishwa watu 5,209 ambao wangepimwa kila baada ya miaka miwili. Mwaka 1961 William Kannel na wenzake walichapisha ripoti iliyotaja shinikizo la juu la damu na kolestero nyingi kuwa miongoni mwa mambo yanayotangulia ugonjwa wa moyo. Kupanda kwa shinikizo pamoja na umri kulikuwa kumezoeleka kama jambo la kawaida la uzeeni. Ilibidi watu wapimwe wakiwa wazima, shinikizo liandikwe, kisha miaka ipite. Mgonjwa aliyekwishapata shambulio la moyo huwezi kumpima leo ukajua shinikizo lake la miaka kumi iliyopita. Ugonjwa wenyewe na matibabu vimeshalibadilisha. Kwa vihatarishi vya aina hii, vinavyobadilika mtu akiugua, kohoti haina mshindani.

Nguvu nyingine ni kwamba kundi moja linajibu maswali mengi. Unaweza kutazama kiharusi, moyo, figo, kifo, bila kuanza upya kila mara.

Lakini watu wanapotea. Chukua mfano wa kubuni, wagonjwa 200 walioanza matibabu. Baada ya mwaka, 120 unawaona kliniki wakiwa hai, 20 una uhakika wamefariki, na 60 hujui waliko. Vifo ni asilimia ngapi? Ukiwatupa waliopotea, ni 20 kati ya 140, yaani asilimia 14. Ukidhani wote 60 wamehamia kwingine wakiwa wazima, ni asilimia 10. Ukidhani wote wamefariki, ni asilimia 40. Takwimu zako zinaruhusu lolote kati ya 10 na 40, na hakuna programu ya kompyuta itakayokuambia ukweli uko wapi. Waliopotea hawapotei kwa bahati: wapo waliozidiwa wasiweze kusafiri, na wapo waliopata nafuu wakaona hakuna haja. Ndiyo maana kwenye kohoti ninauliza kwanza bajeti ya kuwatafuta watu: simu, namba ya ndugu wa pili, nauli ya mtu wa kuwafuata nyumbani. Bajeti hiyo ikiwa sifuri, njia hii si yako.

Pembamba pengine pa kohoti ni kwamba watu hujichagua wenyewe. Kohoti ya wauguzi wa Marekani iliyoanza mwaka 1976 ikiwa na wauguzi 121,700 ilionyesha kwamba wanawake waliotumia homoni baada ya ukomo wa hedhi walipata maradhi ya moyo kwa kiwango kidogo. Kohoti nyingine ziliona hivyohivyo. Kisha jaribio kubwa la nasibu likawagawa wanawake 16,608 kwa bahati, nusu homoni mbili za pamoja na nusu vidonge visivyo na dawa. Mwaka 2002 likasimamishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa madhara yalizidi faida, na maradhi ya moyo hayakupungua bali yaliongezeka kidogo. Mjadala wa kwa nini zilitofautiana ni mrefu, na umri wa kuanza homoni una sehemu yake. Lakini sehemu nyingine ni hii: mwanamke aliyeamua mwenyewe kutumia homoni mara nyingi alikuwa na uwezo, alijali afya na alimwona daktari mara kwa mara. Mambo hayo yalimlinda, sifa ikaenda kwa kidonge.

Ukichunguza matokeo ya matibabu kwa kutumia mafaili ya hospitali, tatizo hili linageuka kichwa chini. Dawa kali hupewa aliyezidiwa. Ukilinganisha waliopewa na wasiopewa, dawa itaonekana inaua. Na kuna mtego mwingine ambao nimeuona ukiwanasa hata wazoefu: unawalinganisha wagonjwa “waliochukua dawa angalau miezi mitatu” na “wasiofikisha miezi mitatu”, kisha unahesabu vifo kuanzia siku ya kwanza. Aliyefariki wiki ya pili hana namna ya kuingia kundi la kwanza. Ushindi wa kundi hilo uliandikwa kabla mchezo haujaanza. Saa ya kuhesabu ianze siku kundi linapojulikana, si kabla.

Njia nyingine, kwa ufupi

Utafiti wa mara moja, unaopima kihatarishi na ugonjwa siku hiyohiyo, ni mzuri kwa kujua tatizo ni kubwa kiasi gani. Kwa kujua sababu ni dhaifu, kwa kuwa hausemi kipi kilitangulia.

Jaribio la nasibu ndilo linaloweza kuvunja mjadala kuhusu tiba, na wakati mwingine linavunja imani yetu. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya jaribio lijulikanalo kama FEAST, lililofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Kuwapa watoto hao maji mengi ya mshipani kwa haraka kulikuwa ushauri uliozoeleka. Ndani ya saa 48 walifariki takriban asilimia 10.5 ya waliopewa maji kwa namna hiyo, na asilimia 7.3 ya wasiopewa. Hakuna kohoti ya mafaili ambayo ingeaminika ikisema hivyo. Kila mtu angesema waliopewa maji ndio waliokuwa wamezidiwa. Lakini kihatarishi huwezi kumpa mtu makusudi ili uone kama ataugua, na ndiyo sababu mjadala wa njia zile mbili unabaki palepale.

Kuna pia njia inayooa zote mbili, na natamani itumike zaidi. Unakuwa na kohoti iliyohifadhi damu kwenye jokofu. Miaka inapita, wachache wanaugua, unachukua damu ya hao na ya walinganishi wachache kutoka kohoti ileile, unapima hizo tu. Julie Parsonnet na wenzake walifanya hivyo California kwa damu iliyohifadhiwa tangu miaka ya 1960: kati ya watu 109 waliokuja kupata saratani ya tumbo, asilimia 84 walikuwa na dalili za bakteria Helicobacter pylori kwenye damu ile ya zamani, na kwa walinganishi ni asilimia 61. Ripoti ilitoka mwaka 1991. Kumbukumbu haikuhitajika, walinganishi walitoka mahali palepale walipotoka wagonjwa, na hapakuwa na haja ya kupima damu ya maelfu.

Ningekushauri nini

Kama una mwaka mmoja, fedha kidogo, na ugonjwa unaompata mtu mmoja kati ya maelfu, chagua wagonjwa na walinganishi, halafu tumia nusu ya nguvu zako kuwatafuta walinganishi. Kama tokeo lako hutokea haraka na kwa wengi, kwa mfano kufariki au kurudi hospitali ndani ya siku 30 baada ya kuruhusiwa, chagua kohoti. Muda ni mfupi, wanaopotea ni wachache, na utapata hatari halisi ambayo daktari anaweza kuitumia. Usihangaike na uwiano wa odi hapo.

Kama mafaili ya miaka iliyopita yapo, unaweza kufanya kohoti ya nyuma: unawapanga watu kwa kilichoandikwa wakati ule, kisha unafuatilia maandishi mpaka leo. Ni ya haraka na ya bei nafuu. Ila kabla ya kuiandika kwenye andiko, nenda masjala siku mbili. Chukua namba 50 kutoka kwenye rejesta, omba mafaili yake, hesabu yanayopatikana. Kisha angalia kama yanayokosekana yanafanana na yaliyopo. Katika sehemu fulani niliyowahi kufanya kazi, mafaili ya waliofariki yalikuwa yanahamishiwa chumba kingine, na aliyechukua ya kwenye rafu kuu alikuwa anachunguza walio hai peke yao bila kujua. Muulize karani wa masjala. Yeye ndiye anayejua.

Na kama bado umekwama kati ya njia mbili, andika ukurasa mmoja wenye majibu ya mambo matatu: walinganishi wangetoka wapi na kwa nini wangeingia kwenye orodha ya wagonjwa kama wangeugua, kihatarishi kiliandikwa wapi kabla ya ugonjwa, na mtu akikosekana baada ya miezi sita, nani atamtafuta na kwa fedha ipi. Mpelekee mtakwimu ukurasa huo kabla ya dodoso la kwanza kuchapwa.